Mpagazi wa Tatu

Kalekye alimtambua mpagazi wa tatu kabla hajafika katikati ya televisheni.

Mchezo ulikuwa wa enzi za mkoloni, na wapagazi walikuwa wanapita kwa foleni nyuma ya mzungu. Huyo wa tatu alikuwa amepakwa vumbi na kubandikwa ndevu nyeupe. Akasimama kidogo, akajikuna muundi kwa kisigino cha mguu wa pili, akapita.

"Huyo ni kijana wangu," Kalekye akasema.

Mjukuu wake akacheka. "Susu, yule wa vichekesho? Kenya nzima inamjua. Hawezi kupita tu hivyo bila kusema kitu."

"Mguu huo niliulea mimi."

Msichana akaisogelea televisheni. Miaka sita sasa, tangu kijana huyo akose mazishi ya baba yake kwa sababu ya kuigiza, Kalekye hakuwa amepokea simu yake hata moja.

"Mpigie," Kalekye akasema.

"Nimwambie nini, Susu?"

Kalekye alikuwa bado anatazama televisheni, ingawa wapagazi walishapita.

"Mwambie mzigo haubebwi hivyo. Mukwa, ule mkanda wa kichwani unaoshika mzigo, ameuvuta chini mpaka kwenye nyusi. Ataumia shingo."