Chungu Kilichoitwa Nyasi

Siku hizo mwenye mzigo hakuulizwa amefunga nini. Mizani ya stesheni ndiyo iliyoamua, kwa kumbukumbu za mizigo iliyopita, ikijisahihisha kila siku.

"Nyasi," ilisema mizani.

"Nyasi gani? Hiki ni chungu!" Nyamizi alifoka. Bintiye huko mjini alikuwa amejifungua, na kwao mtoto hapewi jina kabla hajaogeshwa kwa maji ya chungu cha bibi. Vyungu viwili vya mwanzo alivyotuma vilifika vigae, maana mkono wa chuma unaopakia mizigo hurusha nyasi ovyo.

"Mama, vyungu vya kwenu ni vikubwa na vyepesi kama nyasi."

"Ni kwa sababu tunavifunga kwa nyasi visivunjike!"

"Kumbukumbu hazionyeshi hivyo, mama."

Jirani yake Kabula, aliyekuwa nyuma na chungu chake, akacheka. "Shoga, utagombana na mizani mpaka lini?"

Kwa hasira Nyamizi aling'oa nyasi zote, akakipandisha chungu kikiwa uchi.

"Jiwe," ilisema mizani. "Asante kwa kuturekebisha. Kuanzia sasa vyungu vyote vya kwenu ni mawe."

Mkono ukakishusha chungu chini kabisa ya behewa, ukakilundikia magunia ya saruji. Nyamizi alisikia kikipasuka. Kisha mkono ukamgeukia Kabula, ukafungua kiganja taratibu, ukasubiri.