Tundu la Mwalimu Gervasi

Ana kiuno cha mwanamke, sauti ya mwanamume na mguu mmoja wa chuma. Ni nani huyo? Ni sello, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kukaa, imebanwa magotini.

Bi Apolonia alikuwa ameipiga miaka thelathini katika ukumbi wa mji ule. Sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na asubuhi hiyo kiongozi wa okestra alikuja kumsikiliza ili aamue kama atabaki au atakwenda.

Sakafu ya mbao ilikuwa na matundu, kila mpigaji na lake, pale mguu wa sello yake unapochoma. Mtu akifa, tundu lake haliguswi. Lakini Apolonia alikivuta kiti chake hadi kwenye tundu la mwalimu wake, Gervasi, yule ambaye kidole chake kidogo kilitetemeka kila alipopiga, aliyezikwa juzi tu.

"Dada, hapo si pako," alisema mfagiaji, ufagio mkononi.

"Mwenyewe hatarudi kulidai, kaka. Niache."

Akauchomeka mguu wa chuma. Papo hapo vidole vikalegea kama vimekandwa kwa mafuta, na wimbo ukatoka mzito, mtamu, hata kiongozi akajifuta macho.

"Nani alisema mama huyu amechoka? Kiti ni chako, mama. Basi, pumzika."

Apolonia akatabasamu, akauinua upinde wa kupigia mbali na nyuzi.

Wimbo haukukoma. Akautazama mkono wake wa kushoto. Vidole vilikuwa vikitembea vyenyewe juu ya nyuzi, taratibu, na kile kidogo kikitetemeka kama cha Gervasi.