Jina la Jikoni

"Mzee, miaka sitini umekaa na jina la Ignacio, leo ndiyo unataka Eneko?" karani wa usajili pale Gernika, mji wa Wabaski nchini Hispania, alimtania mzee aliyekuja kubadilisha jina.

Mzee alizaliwa enzi za dikteta Franco, majina ya Kibaski yalipokuwa marufuku kwenye vyeti. Eneko, yaani kadogo kangu, lilibaki jina la jikoni, mdomoni mwa mama yake tu.

"Mama ndiye aliyekuwa akiniita hivyo," alisema. "Nimemzika Jumanne."

"Pole, mzee. Sasa nyumbani nani atakuita hivyo?"

Mzee alitazama kucha zake, zilizokuwa bado na udongo wa shambani. "Hakuna mtu."

Karani aliacha kuchapa. Baadaye akamgeuzia karatasi.

"Angalia kama herufi ziko sawa, Eneko."

Mzee alishika kalamu, akatafuta kwa muda mrefu mahali pa kutia sahihi, ingawa mstari ulikuwa mbele yake.