Mlinganyo wa Mstari Mmoja

"Ubane uingie," mhadhiri alisema, akamtupia mchapaji karatasi mezani. "Mstari mmoja, slaidi moja. Herufi zikiwa kama sisimizi, shauri yao. Wanakuja kunisikiliza mimi, si kusoma."

Mlinganyo ulijaza ukurasa mzima kwa mwandiko wake, sahihi yake chini. Kesho angeusimamia mbele ya wageni kutoka vyuo vingine, nao ndio wangeamua kama atapewa uprofesa.

Mchapaji aliujua. Ndio uliomng'oa dada yake chuoni. Dada aliuliza swali moja tu juu yake, darasani, mbele ya wenzake. Mwezi uliofuata tasnifu yake ikakataliwa, na mhadhiri akatangaza kila korido kwamba binti yule hajui hesabu. Sasa dada anapokea simu kwenye ofisi ya watu, na hataki hata kuona penseli.

Mchapaji aliandika msimbo kwenye kompyuta alama baada ya alama, kidole kikifuata karatasi. Mlinganyo ukachomoza nje ya slaidi kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Akaongeza amri moja ya kubana, ukanywea, ukaingia. Mhadhiri akauchungulia, akaridhika, akaondoka akipiga mluzi.

Mchapaji hakuondoka. Alikaa na faili lile saa nzima zaidi.

Jioni, wakiosha vyombo, alimwambia dada yake kwamba kesho mtu ataumbuka.

Dada aliacha sahani majini. "Mdogo wangu, usithubutu. Ukigeuza alama moja tu, watajua ni wewe. Utafukuzwa kama mimi."

"Wewe vaa vizuri, uje ukae nyuma."

Ukumbi ulijaa. Slaidi ya nne, yenye mlinganyo, ilipowaka ukutani, mhadhiri alikuwa akiwatazama watu, si ukuta. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani minene, akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole kwa nini mstari wa tatu una alama ya kutoa, maana hapo ilipaswa kuwa kujumlisha, na bila hivyo vyote vya chini vinaanguka.

Mhadhiri aligeuka. Akaukodolea macho ukuta, jasho likimtoka. Kisha akanyoosha kidole nyuma ukumbini, mchapaji alipokaa na dada yake.

"Ni yule mchapaji. Dada yake nilimfelisha. Amenichezea mlinganyo wangu."

Minong'ono ikapanda. Dada akainamisha kichwa. Mkuu wa kitivo akamwita mchapaji mbele, akamwuliza kama ni kweli ameigusa slaidi ile baada ya mwenyewe kuikubali. Mchapaji akakiri. Akamkabidhi ile karatasi ya mwandiko wa mhadhiri.

Mkuu aliisoma polepole, akasimama kwenye alama moja katikati, akashuka hadi kwenye sahihi. Akainua macho, akamtafuta dada kule nyuma, akamtazama kwa muda mrefu.

"Sasa wewe uligusa nini?"

"Nilifuta amri ya kubana," mchapaji alisema. "Nikaugawa katika mistari sita, usomeke."