Maneno kwenye Katoni

Mwanamisi alipokwenda kuswali adhuhuri, aliniomba nimwangalizie kibanda chake. "Dada, sikawii," alisema. Nikaitikia huku nikingoja apotee kwenye kona ya soko.

Sote wawili tulikuwa tunauza fulana za mitumba sokoni Kakamega. Zangu zilikuwa rundo juu ya turubai. Zake alizitundika, na kila moja aliibania kipande cha katoni alichokiandika kwa mkono: ukubwa, kitambaa, hata kasoro. Wateja walinipita mimi wakaenda kusoma kwake. Wivu ulikuwa umenikaba tangu Krismasi.

Nilikusudia kuvibadilisha vile vipande, cha fulana kubwa nikibanie kwenye ndogo, ili watu wamwone mwongo.

Nikashika cha kwanza. Kilikuwa kwenye fulana ya kijani niliyomwuzia mimi mwenyewe, baada ya kukaa kwangu miezi miwili bila kuguswa.

"Pamba nzito," aliandika. "Inamfaa mwenye kifua kipana. Nimeifua mara tatu, rangi haitoki. Kwapa la kushoto nimelishona. Geuza uone."

Nikageuza. Mshono ulikuwa mdogo, umenyooka, wa uzi wa kijani kilekile. Mimi hata sikujua kwamba ilikuwa imechanika.

"Mama, hiyo nitachukua," mwanamume mmoja alisema nyuma yangu. "Haya maneno yamenifurahisha sana. Ni wewe umeandika?"

Nikageuka. Nyuma yake Mwanamisi alikuwa amesharudi, ananitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."