Barafu ya Mattie

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Aprili, kabla ya chakula cha mchana, na Enok Tigluk alijua kosa ni la nani. Lilikuwa la wakubwa. Kwake kila kosa lilikuwa la wakubwa. Mkewe Mattie alipougua, ndege ya wagonjwa ilichelewa kwa sababu ya ukungu, na mpaka leo Enok anaamini ukungu ule ulikuwa na saini ya mtu.

Jumanne hiyo friji ya wataalamu ilikufa. Walikuwa wametoka Anchorage kuja kuchimba kwenye visima vya gesi mashariki ya mji wa Utqiagvik, kaskazini kabisa mwa dunia, wakitafuta gesi iliyonaswa ndani ya barafu huko chini kabisa. Walitaka kujua kama itatosha kupasha nyumba joto siku visima vitakapokauka. Walikuwa wamepata kipande kimoja tu cha maana, cheupe, kikubwa kama mkate. Ndege ya kukipeleka maabara ilikuwa Ijumaa.

"Mzee Enok," alisema Preston, mkuu wa mradi, "tunaomba utuwekee kipande chetu kwenye ghala lako."

Ghala la Enok ni shimo lenye kina cha watu watatu, babu yake alilichimba kwenye ardhi isiyoyeyuka. Humo ndimo inamolala nyama ya nyangumi.

"Mna shahada za kujaza ukuta," Enok alisema, "na friji imewashinda."

"Tafadhali, Mzee. Ila usikisogeze karibu na moto."

Alikubali, lakini kwa shingo upande. Ndani ya ghala lile mlikuwa na kitu alichokilinda kuliko nyama yote: kipande cha mwisho cha barafu ya Mattie. Kila vuli Mattie alikwenda ziwani nyuma ya mji, akachagua barafu mwenyewe kwa ajili ya chai. Maji ya bomba, alisema, yana ladha ya ofisi. Na siku za mwisho alimwambia mumewe, "Ukinikumbuka, nikumbuke kwa chai nzuri." Jumapili ya tarehe ishirini na moja angetimiza miaka sabini. Enok alikuwa amekiweka kipande kile miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo.

Jumatano asubuhi Rhoda, dada yake Mattie, alichungulia mdomoni mwa shimo.

"Shemeji, nyangumi ataletwa kulala kwenye uchafu huu?"

Hapo alimgusa. Wawindaji walikuwa wanatoka wiki inayofuata, na nyangumi hajitoi kwa mtu mwenye ghala chafu. Enok akatoa kila kitu nje. Alikwangua kuta, akatupa magunia yaliyooza na makaratasi yaliyogandiana nayo, akafunga vyote upya, na vile vipande viwili vya barafu, kwenye mifuko safi ya unga, akarudisha chini.

"Umeweka alama?" Rhoda aliuliza.

"Alama ya nini? Ghala langu nalijua hata nikifumba macho."

"Ndivyo ulivyosema siku ile uliporudi nyumbani na viatu vya mchungaji."

"Viatu vile vilifanana."

Ijumaa Enok alipanda ngazi na mfuko mkononi, akamkabidhi Preston.

"Chukua mzigo wako. Na ukome kuleta vitu vyako karibu na vya mke wangu."

Preston akashukuru mara tatu, akaondoka na pikipiki ya theluji kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Wiki moja baadaye alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Hakuna gesi, Mzee. Hata chembe. Ni maji tu. Matamu ajabu, lakini maji. Wakubwa wangu wanaufunga mradi."

Kumbe hata wakubwa wana wakubwa. Enok alikata simu akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba.

"Unasikia, Rhoda? Wametoboa ardhi yetu miezi miwili, wamekuta maji, eti matamu ajabu. Mimi ningewaonyesha ziwa bure."

Jumapili ikafika. Rhoda alikuja na biskuti ngumu na siagi, akapanga vikombe vitatu. Enok alishuka ghalani, akapanda na mfuko uliobaki, akaufungua polepole kama anayefungua barua. Kipande akakiweka kwenye sufuria juu ya jiko.

Kikaanza kutatarika kama mafuta ya kukaangia.

"Barafu ya dada yangu haikuwa na kelele hivi," Rhoda alisema.

"Imefurahi kutoka. Miaka miwili gizani si mchezo."

Enok akawasha kiberiti. Njiti haikufika kwenye jiko. Mwali wa buluu uliruka ukasimama juu ya barafu, mpole, umenyooka, na chini yake maji yakadondoka tone kwa tone kwenye sufuria.

Walikaa wakiutazama. Njiti ikamuunguza Enok kidole, akaitupa. Vikombe vitatu vilikuwa vinangoja mezani.

"Shemeji," Rhoda alisema mwishowe, taratibu. "Yule Preston alijuaje kwamba yale maji ni matamu?"