Aliyeanza Kupiga Mluzi

Argia Bertolazzi aliliacha jeneza la baba yake katikati ya kanisa, akatembea mpaka mlangoni na kumwekea mkono kifuani mzee aliyekuwa akivua kofia ili aingie.

"Wewe huingii," alimwambia.

Mzee Ermes Gandolfi, muuza jibini mstaafu, hakubisha. Aliirudisha kofia kichwani na kutoka nje, kwenye ukungu wa Februari. Waliokaa nyuma waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza sababu. Parma nzima iliijua.

Miaka ishirini na nane iliyopita, Argia alipanda kwa mara ya kwanza jukwaa kuu la opera la mji wake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na sauti ya soprano, ile ya juu kabisa ya kike, ambayo walimu wake wa Milano walikuwa wakiisikiliza kwa heshima. Lakini walimu si kitu. Wenye neno walikuwa wanaume wa roshani ya juu, wa viti vya bei rahisi: wachinjaji, washona viatu, watu wa reli, waliozijua opera kama wanavyozijua sala. Hao wakikupenda, umepona. Wakikupigia mluzi, umekwisha.

Baba yake, Oreste, mfanyakazi wa reli, alikuwa huko juu, bega kwa bega na rafiki yake wa tangu utoto, Ermes. Oreste hakusoma muziki hata siku moja, ila sikio lake lilikuwa halidanganyiki. Ndiye aliyemfundisha binti yake, jikoni, mama akikoroga supu, kutofautisha nota safi na nota iliyochoka.

Mambo yalikwenda vizuri hadi wimbo mkubwa wa sehemu ya pili. Argia alipandisha sauti, akafika kileleni, akaishikilia nota. Mluzi mmoja ukaukata ukumbi. Ukafuata wa pili, kisha roshani nzima. Aliimba mpaka mwisho bila mtu kumsikia, na kesho yake jina lake likabanduliwa kwenye matangazo.

Asubuhi hiyo hiyo, kwenye baa ya mtaani, Ermes alisema mbele ya watu kwamba aliyeanza ni yeye. Oreste alimtandika kofi. Tangu siku ile hawakusalimiana, na Oreste hakuikanyaga tena ile roshani. Watu walisema, huyo ndiye baba.

Mikataba iliyokuwa imeahidiwa Torino na Genova ilififia kimya kimya. Argia aliimba kwenye kwaya ya Cremona, akaimba harusini, kwenye sikukuu za mavuno ya zabibu, kwenye nyumba za wazee waliolala kabla hajafika katikati ya wimbo. Oreste alimfuata kila kijiji, akakaa mbele na kuwa wa kwanza kupiga makofi.

Mwaka wa nne, ukumbi wa Parma ulimwita tena. Baba yake alikataa katakata. "Ni wale wale, mwanangu, na watakaa pale pale," alisema. "Usiwape koo lako mara ya pili."

Alimtii. Aliyechukua nafasi ile akatoka nayo mpaka Vienna. Argia hakuitwa tena.

Kila baada ya miaka michache alimuuliza baba yake ile nota ilikuwaje. "Ilikuwa safi," Oreste alijibu, akiendelea kumenya tufaha lake. Argia aliishi kwa jibu hilo, na kwa kumchukia Ermes. Kingine cha kumshikilia hakuwa nacho.

Siku ya mazishi aliimba mwenyewe mbele ya jeneza. Sauti ilimkatikia juu, mahali ambapo zamani ingepaa. Mtu mmoja alikohoa. Padri akaendelea na misa.

Walipotoka makaburini, Ermes alikuwa amesimama getini, koti limelowa. Argia aliwaacha watu watangulie. Kisha akamwambia yote, bila kupaza sauti: mwanamume ambaye yeye Argia alimkataa kwa sababu alikuwa akisubiri kuitwa jukwaani, watoto ambao hakuwazaa, vyumba vya kubadilishia nguo vilivyokuwa stoo za viazi. Alimwambia kwamba utotoni alimwita baba mdogo, na kwamba neno hilo humchafua kinywa mpaka leo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Niruhusu nimuage tu," alisema. "Alhamisi nilimwahidi mchezo mwingine wa karata."

"Karata zipi? Baba hajasema na wewe miaka ishirini na nane."

"Tulicheza kila Alhamisi, mwanangu. Kule mji wa Fidenza, nyuma ya stesheni, ili watu wa hapa wasituone."

Argia alishika chuma cha geti. Kila Alhamisi, baba yake alikuwa akienda kwa daktari wa miguu. Ndivyo alivyokuwa akisema.

"Kumbe alikusamehe," alisema taratibu. "Alikusamehe, akanificha."

Ermes alivua kofia. Alitazama kuelekea kaburi jipya, kama anayeomba ruhusa, kisha akamtazama yeye.

"Hakuwa na la kunisamehe. Nota ilishuka, Argia. Kidogo tu, ila ilishuka, na vidole vya baba yako vilikuwa vimeshafika mdomoni, na mluzi umeshatoka, kabla hajakumbuka ni nani anayeimba. Akanikamata kola, akaniambia: 'Sema ni wewe, Ermes. Wewe si baba yake.'"